Kidude cha "kuokoa mafuta" na skana ya OBD: kipi kinapunguza kweli ulaji wa gari?

Haya wadau, karibuni tena. Leo hapa mezani nina vidude viwili, ukiviangalia harakaharaka utasema mapacha, vyote vina pini 16, vyote vinachomekwa kwenye lile tundu la OBD chini ya usukani, ambalo mafundi wanalitumia kusoma kompyuta ya gari, vyote vinawaka vitaa. Kimoja boksi lake linasema kinapunguza ulaji wa mafuta asilimia thelathini na kitu, chomeka tu usahau. Kingine ni skana ya kawaida ya Bluetooth, haijaahidi kupunguza kitu, kazi yake ni kusoma gari na kukuonyesha kwenye simu. Nianze na hicho cha kwanza maana ndo mnachoniuliza kila siku.

Nimekifungua. Ngoja nisogeze kamera mkione vizuri. Huu hapa ubao wa saketi, hivi vidogo ni vitaa vya LED, hiki ni kitufe cha kuriseti, na huyu mweusi hapa ni chipu ndogo ya kuwasha na kuzima vitaa. Basi, habari imeisha. Sasa ili kifaa kiongee na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, kinahitaji chipu maalumu ya kupokea na kutuma mawasiliano kwenye zile nyaya za CAN, ambazo kwenye tundu hili ni pini namba 6 na namba 14. Hapa haipo. Hakiwezi kusoma gari, hakiwezi kubadilisha timingi ya cheche, hakiwezi kugusa nozeli zinazopuliza mafuta. Kinachukua umeme wa betri kinamulika. Taa ya urembo hii jamani.

Halafu mtu anakuja anakuapia, kaka mimi nimefunga na gari imebadilika, na wala simwiti muongo. Soma maelekezo ya hivi vitu, vingi vinakwambia endesha kilomita 150 au 200 kwanza ili kijifunze uendeshaji wako. Ukishaambiwa hivyo unakaa unasikilizia, unaangalia mshale wa mafuta, mguu unakuwa mwepesi wenyewe, unaacha kukimbizana na watu, na ulaji unashuka kweli. Kwa hiyo kilichobadilika ni wewe, sifa inachukua kidude.

Na ndugu zake wako wengi: sumaku za kufunga kwenye bomba la mafuta, vifeni vya kuzungusha hewa kwenye inteki, ile njia ya hewa kuingia injini, vidonge vya kutumbukiza kwenye tenki, na ule mtungi wa kutengeneza gesi ya haidrojeni kutoka kwenye maji. Petroli haina habari na sumaku. Huo mtungi wa maji nao unatumia umeme wa oltaneta, oltaneta inazungushwa na injini, injini inakula mafuta, na kila hatua hapo kuna nishati inapotea, sasa faida itoke wapi? Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, imeshapima au kukagua zaidi ya vifaa 100 vya namna hii kwa miaka mingi na haijakuta hata kimoja kinachopunguza ulaji kwa kiasi cha maana. Tuendelee.

Skana sasa. Hii ndo nataka tukae nayo. Unachomeka, unaunganisha na app, halafu unaanza kuona vitu ambavyo dashibodi haikwambii. Watu wengi wanakimbilia kuangalia ulaji wa papo hapo, na ni sawa, ila jua inaupataje. Kwa gari ya petroli yenye sensa ya kupima hewa inayoingia, ile MAF, app inachukua uzito wa hewa inagawa kwa 14.7, maana hewa gramu 14.7 inachoma petroli gramu 1, hapo inapata mafuta. Kama gari haina MAF inakadiria kwa presha na joto la inteki, kwa hiyo usiishike ile namba kama kiapo. Na dizeli ndo kabisa, injini ya dizeli haifuati hiyo 14.7, ikiwa app inapiga hesabu kwa hewa tu itakudanganya. Mimi naitumia kuona ikipanda na ikishuka, nikikanyaga hivi inafanyaje, nikiachia inafanyaje. Lita kamili nazipimia kwenye pampu, hilo tutalifikia.

Kabla hujagusa hata uendeshaji, fungua joto la maji ya injini. Gari nyingi zikishapata moto zinatulia kwenye nyuzi 85 hadi 100 za Selsiasi hivi. Kama unatembea barabara kubwa zaidi ya nusu saa na namba inang'ang'ania 60 na kitu, ukisimama foleni inapanda, ukiondoka inashuka tena, shuku themostati, ile valvu inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, imegoma kufunga, au kuna fundi aliitoa akakwambia gari haitachemka tena. Injini isiyopata moto kontroli boksi inaiona bado ya baridi, inaimwagia mafuta ya ziada, na unaweza usione taa yoyote kwa muda mrefu. Hiki ni kipuri kidogo sana na ndo wizi wa mafuta wa kimyakimya kuliko wote ninaoujua.

Ya pili ni trimu ya mafuta, kwenye app inaandikwa LTFT. Hii ni asilimia ambayo kontroli boksi inaongeza au kupunguza mafuta kulinganisha na hesabu yake ya kiwandani. Ikicheza kati ya minus 10 na plus 10 usijisumbue. Ikikaa plus 20 ujue gari inaona hewa nyingi kuliko mafuta, labda paipu ya vakyumu imepasuka, labda MAF chafu, labda pampu ya mafuta imechoka. Ikikaa minus sana kuna mafuta yanazidi, tafuta nozeli inayovuja au sensa inayodanganya. Na oksijeni sensa, ile inayopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosti, ikifa usiizoee ile taa ya cheki injini ukasema mbona inatembea tu, Wamarekani wenyewe wanasema kurekebisha oksijeni sensa iliyokufa kunaweza kuboresha ulaji hadi asilimia 40. Hamna kidude cha kuchomeka kitakupa hiyo.

Sasa mguu. Fungua ule ukurasa wa ulaji wa papo hapo, simu iwe kwenye stendi usiishike mkononi, halafu tembea kama kawaida yako. Utashtuka. Kuna wanaokanyaga hadi mita kumi kabla ya taa nyekundu halafu breki. Yale mafuta yote uliyochoma kupata ule mwendo umeyageuza moto kwenye breki pedi. Angalia mbali, ukiona kule mbele wamesimama achia mguu mapema gari ijiendee kwenye gia. Injini yenye nozeli za umeme ukiachia mafuta ikiwa kwenye gia na rpm, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, bado ziko juu kidogo, kontroli boksi inafunga nozeli kabisa, ulaji ni sifuri. Ndo maana wale wa kuweka nyutro kwenye mteremko nawaambia mnapoteza mara mbili, kwenye nyutro injini inabidi ijichomee mafuta isizime, na umejinyima breki ya injini. Hatari tupu. Ila hapa skana nayo ina kasoro yake, baadhi ya app zinapiga hesabu kwa hewa, na hewa bado inapita hata nozeli zikiwa zimefungwa, kwa hiyo zinakuonyesha unatumia mafuta wakati hutumii. Usije ukaniambia nimekudanganya.

Kuondoka sio lazima utambae kama kobe, ondoka kwa ustaarabu, panda gia mapema, ukifika mwendo wako tulia hapo. Na mwendo wenyewe ndo mzizi wa maneno. Upepo unaoisukuma gari nyuma unakua kwa mraba wa mwendo, kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120 mwendo umeongezeka mara moja na nusu lakini ukinzani wa hewa umekuwa mara 2.25. Hakuna modifikesheni ya bei yoyote itakayokurudishia hicho ukiendelea kukimbia.

Modifikesheni zenyewe basi. Nzuri kuliko zote ni ya kutoa, sio ya kufunga. Ile keria ya juu ya paa kama hubebi kitu ishushe. Boksi kubwa la juu ya paa kwenye barabara za kasi linaweza kukula asilimia 10 hadi 25, na hizo ni namba za Wizara ya Nishati ya Marekani. Buti nayo toa makorokoro, ingawa uzito unauma zaidi mjini kwenye simama-ondoka. Rimu kubwa na tairi pana zinapendeza, sibishi, ila zinaongeza uzito na msuguano, na kama kipenyo kimebadilika hata kilomita za dashibodi sio za kweli tena. Upepo wa tairi pima tairi zikiwa baridi, fuata kibandiko cha kwenye mlango wa dereva, sio ile namba kubwa iliyoandikwa kwenye tairi, hiyo ni kikomo chake. Kila psi 1 (kipimo cha presha ya upepo) ikipungua tairi zote, inaondoka kama asilimia 0.2, kwa hiyo aliyepungukiwa psi 10 amejipiga asilimia 2 bure. Na ukisimama baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila rimu, ukikuta moja ina joto kuzidi wenzake breki inashika, gari inavutana na yenyewe.

Eya klina mpya kwa gari ya nozeli inakupa nguvu zaidi kuliko ulaji, badilisha kwa ajili ya injini. Petroli ya oktani ya juu kama kitabu cha gari hakijaiomba, achana nayo. Injini ikiunguruma umesimama inakula karibu lita 1 hadi 2 kwa saa kutegemea ukubwa na AC, so kama unamsubiri mtu, zima.

Kupima: jaza mpaka pampu ikatike yenyewe, andika kilomita, tembea tenki zima, rudi pampu ileile ujaze hadi ikatike tena, gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizojaza. Tenki moja haitoshi kusema kitu, foleni na mvua vinaivuruga. Na mchunge hesabu za kilomita kwa lita, kutoka 10 kwenda 12 kwenye safari ya kilomita 100 umeokoa lita 1.67, lakini kutoka 20 kwenda 22 umeokoa 0.45 tu, ijapokuwa zote ni "nimeongeza kilomita mbili". Mwenye gari mlafi ndo ana cha kuvuna hapa.

Kwa hiyo kidude cha kwanza sikupi hata alama moja, skana nakupa saba kwa kumi, tatu nimezitoa kwa sababu za bei chee nyingi ni kopi, zinakata kata mawasiliano, na app za bure zimejaa matangazo. Ukinunua hakikisha inashika simu yako, maana kuna za Android tu na iPhone haziioni. Na ukipaki gari siku kadhaa ichomoe, ile pini namba 16 ina umeme wa betri muda wote hata ukizima switchi, na skana ambayo hailali itakunyonya betri taratibu.