Kamera inayomjua twiga, punda haimjui

Wiki kadhaa sasa silali vizuri, na si kwa mbu. Ni kwa kamera niliyofunga mlangoni pa duka langu hapa Langoni, Lamu. Niliambiwa humtambua mtu, humfuata kwa kugeuza shingo, na ujumbe ukanifikia papo hapo. Picha zake safi, sikatai. Usiku inaona kuliko mimi.

Shida ni punda. Mji huu punda ndiye lori, na usiku wengine huzurura vichochoroni. Kila apitaye, simu inalia: "Mtu mlangoni." Mara "farasi". Kuna usiku ilisema "ng'ombe". Akipita nyuma ya nguzo akatokea upande wa pili, kwake huyo ni mgeni mwingine. Namba 7 keshakuwa namba 8. Asubuhi nahesabiwa wageni tele, wote wana mikia.

Hayo ningevumilia. Lakini juzijuzi, Magharibi, nimekwenda kusali, mtungi wangu wa gesi nimeuacha barazani. Kamera ikamganda punda mmoja anayetafuna maboksi, ikamsindikiza taratibu mpaka konani. Huku nyuma mtu akabeba mtungi. Kwenye video nausikia ukigonga kizingiti. Ninachokiona ni matako ya punda!

Nikamwendea kijana aliyeniuzia. Hata kiti hakunipa. "Mzee, si umfunge punda wako?" Punda wangu! Mie sina punda.

Mpwa wangu anayesomea kompyuta ndiye aliyenieleza. Programu nyingi za namna hii, huenda na hii yangu, hufunzwa kwa mkusanyo wa picha uitwao COCO, wa mwaka 2014, wenye aina 80 za vitu. Nikamwambia anisomee. Farasi yumo. Ng'ombe yumo, twiga yumo, hata punda milia yumo. Pitsa imo! Punda hayumo. "Ikikutana na kitu isichokijua, mjomba, hukipa jina la kinachokaribiana nacho." Yaani mwenye mistari wamemwona, huyu wetu abebaye mawe na mchanga toka enzi za mababu hawakumwona?

Nilikuja hapa kutoa nyota moja, na hiyo kwa huruma. Ila haki nayo haki: mpwa ameizima ile kazi ya kugeuza shingo, akachora mstari pale kizingitini tu, ilie kwa anayeuvuka tu. Usiku wa pili huu simu imetulia. Basi nyota tatu. Hapana, mbili. Mtungi bado sijauona.