Uzoefu wangu wa upasuaji wa tezi dume kupitia njia ya mkojo, na yale ambayo sikuambiwa

Nina umri wa miaka 67, ni mwalimu mstaafu, na ninaishi Tanga. Ninaandika maelezo haya miezi minne baada ya kufanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali moja ya Dar es Salaam, kwa ajili ya wanaume wa rika langu na wake zao ambao wameambiwa kwamba dawa peke yake hazitoshi tena. Kwa ufundi wa upasuaji wenyewe hospitali ile naipa alama za juu kabisa, lakini kwa maelezo anayopewa mgonjwa kabla na baada ya upasuaji siwezi kuipa hata nusu.

Tatizo lilianza polepole. Nilikuwa nikiamka mara nne au tano usiku, nasimama chooni nikisubiri mkojo unaotoka kwa kukatikakatika, kisha narudi kitandani nikijua kwamba kibofu bado kina kitu. Kwa miaka miwili nililihesabu jambo hilo kuwa ni uzee, mpaka asubuhi moja mkojo ulipogoma kabisa. Tumbo la chini lilijaa likawa gumu, na nilipofikishwa kituo cha afya sikuweza kukaa wala kusimama wima.

Hapo ndipo nilipowekewa mpira wa mkojo kwa mara ya kwanza. Mpira huo hupitishwa kwenye uume hadi ndani ya kibofu, na karibu na ncha yake kuna puto dogo linalojazwa maji ili usichomoke. Ukiwekwa na mtu asiye na haraka, baada ya jeli ya ganzi kuachwa dakika chache ifanye kazi, mgonjwa husikia msukumo na muwasho zaidi kuliko maumivu. Nimelijua hilo baadaye Dar es Salaam. Siku ile jeli ilikuwa kidogo na haraka ilikuwa nyingi. Hata hivyo mkojo ulipoanza kushuka kwenye mfuko, ukavuka lita moja, nilitokwa na machozi kwa nafuu niliyoipata.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuja kesho yake. Nilitolewa damu ya kipimo cha PSA, yaani protini ya tezi dume ambayo ikipanda huweza kuashiria saratani, majibu yakasomeka 14, nami nikakabidhiwa karatasi na kuambiwa kwamba huenda ni saratani. Hakuna aliyenieleza kwamba mkojo ulioziba, mpira uliowekwa na maambukizi ya njia ya mkojo vyote hupandisha kipimo hicho, na kwamba ni vyema kusubiri wiki kadhaa kabla ya kupima. Mimi na mke wangu tuliishi na namba hiyo kwa miezi miwili. Mke wangu hakuisema kwa mdomo hata siku moja, lakini niliona jinsi alivyoacha kuzungumzia mipango ya mwaka unaofuata.

Daktari bingwa wa mfumo wa mkojo niliyemwona Dar es Salaam alianza kwa kutazama tarehe. “Baba,” akasema, “kipimo hiki kilichukuliwa wakati usiofaa, tutakirudia.” Kiliporudiwa kilisoma 4.9. Alinipima pia kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa, jambo ambalo wanaume wengi hulikimbia. Lilichukua muda usiofika dakika moja, na aibu niliyokuwa nayo mlangoni ilikuwa kubwa kuliko usumbufu wa kipimo chenyewe. Alisema tezi imekua, lakini ni laini na iko sawasawa pande zote, haina sehemu ngumu. Ultrasaundi ilionyesha tezi ya mililita 62, na mililita 190 za mkojo zilizobaki kibofuni baada ya mimi kudhani nimemaliza. Tamsulosini, dawa ya kulegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu niliyokuwa nikitumia, ilikuwa imewezesha mpira kutolewa baada ya wiki moja, ila ilinipa kizunguzungu kila nilipoinuka, na mkojo haukupata nguvu.

Tezi ingekuwa kubwa mno, daktari alieleza, huenda tungezungumzia kupasua tumbo. Kwa ukubwa wa yangu ilifaa kuingiza chombo chenye kamera kupitia njia ya mkojo na kukwangua nyama inayobana kutokea ndani, upasuaji ambao madaktari huuita TURP. Hakuna mshono wala kidonda kinachoonekana nje. Aliniuliza dawa zote ninazokunywa na kunielekeza siku ya kusimamisha aspirini. Yeyote anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asiziache mwenyewe wala asizifiche. Mkojo wangu ulipimwa kwanza, na maambukizi yakatibiwa kabla ya kupangiwa tarehe.

Kuhusu chumba cha upasuaji sina mengi. Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni nikiwa nimekaa na kuinama, miguu ikapata joto kisha ikawa mizito kama si yangu, na kwa muda wa takriban saa moja nilisikia sauti za watu bila kusikia maumivu yoyote.

Kazi iko wodini. Nilirudi nikiwa na mpira mnene zaidi wenye njia tatu: moja ya puto, moja ya kuingiza maji yanayosafisha kibofu, na moja ya kuyatoa pamoja na damu. Mifuko ya lita tatu ilitundikwa mmoja baada ya mwingine. Saa za kwanza maji yaliyotoka yalikuwa mekundu kama juisi ya rozela, kufikia alfajiri yakawa ya waridi, na siku ya pili yalifanana na chai ya rangi iliyopoa. Usiku ule wa kwanza yaliacha kushuka. Nilibanwa na mkojo kupita kiasi, nikaanza kusukuma, jambo ambalo halifai. Muuguzi wa zamu alikuja na bomba kubwa la sindano, akalichomeka kwenye mpira, akavuta taratibu mpaka bonge la damu iliyoganda, la ukubwa wa punje ya kunde, likatoka, na maji yakafunguka tena. “Pole baba, ukiona hayashuki niite papo hapo, usisubiri,” alisema. Maneno hayo machache yalinifaa kuliko maelezo yote niliyokuwa nimepewa mchana.

Mpira ulitolewa siku ya tatu. Mkojo wa kwanza ulichoma kama pilipili, lakini ulitoka kwa nguvu ambayo sikuwa nayo kwa miaka mingi, nami nilisimama pale nikiusikiliza unavyogonga ndani ya kopo la kupimia. Wiki zilizofuata nilikwenda haja mara kwa mara, tena kwa haraka, na matone yalinitoka nilipokohoa; mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo, yalisaidia, na kufikia wiki ya saba hali hiyo ilikuwa imekwisha.

Mambo mawili sikuambiwa. Siku ya 12, wakati mkojo umeshakuwa mweupe, damu ilirudi ghafla, nikakimbizwa hospitali usiku nikiamini kwamba upasuaji umeharibika. Kumbe gamba la kidonda cha ndani hubanduka karibu na wakati huo, na kwa kawaida hutosha kunywa maji mengi na kupumzika, isipokuwa damu ikiwa nzito yenye mabonge, mkojo ukiziba, au homa ikipanda. Hapo mgonjwa asisubiri asubuhi. Ruhusa yangu ya kutoka wodini ilikuwa na orodha ya dawa tu.

La pili linahusu unyumba. Nguvu za kiume zilibaki kama zilivyokuwa, lakini shahawa hazitoki tena nje. Huingia kibofuni na kutoka baadaye pamoja na mkojo. Hilo huwapata wengi baada ya upasuaji huu na halina madhara kwa mwili, ila mwanaume anayetaka kupata mtoto anapaswa kulijua kabla ya kutia saini. Mimi nilijieleza kliniki wiki ya sita kwa sauti ya chini, na daktari akajibu kwamba ni kawaida. Kama ni kawaida, nilistahili kuambiwa mapema, mke wangu akiwa amekaa pembeni yangu.

Nyama iliyokwanguliwa ilipelekwa maabara, na baada ya wiki tatu majibu yalitoka kwamba haina saratani. Kwa kuwa sehemu ya tezi bado imebaki, PSA yangu itaendelea kupimwa kila mwaka. Siku hizi naamka mara moja usiku, karibu na adhana ya alfajiri, na mke wangu ndiye aliyezungushia alama tarehe ya kipimo kijacho kwenye kalenda ya ukutani.