Vitamini B2 hutibu ugonjwa mmoja, mwingine hapana

Mtoto anapungukiwa usikivu, macho yanafifia, miguu inalegea. Magonjwa mawili adimu hufanana hivyo.

Wa kwanza, upungufu wa kisafirishi cha riboflavini (yaani vitamini B2), hutokana na hitilafu kwenye jeni ya SLC52A2 au SLC52A3: vitamini B2 haiingii vizuri kwenye seli. Wavulana na wasichana wote huugua. Kumeza na kupumua navyo huweza kudhoofika, na hapo ndipo penye hatari. Ila dawa ipo: B2 yenyewe, kwa dozi kubwa sana anayopanga daktari (mkojo utakuwa wa njano kali, msishtuke). Kusubiri majibu ya jeni kabla ya kuianza ni kupoteza neva bure.

Wa pili, CMTX5 (ugonjwa wa neva wa kurithi, aina ya Charcot-Marie-Tooth), hutokana na hitilafu kwenye jeni ya PRPS1 kwenye kromosomu X, hivyo huwapata zaidi wavulana. Masikio hutangulia, miguu hufuata, kisha macho. Tiba iliyothibitishwa haina.