Mifuniko yenye kidirisha cha kulishia beta: uzoefu wangu na fundi wa Kariakoo

Nafuga samaki beta, hawa ambao wengi hapa Dar tunawaita fighter. Kila dume ana chombo chake, kwa sababu madume wawili wakikutana wanachanana mapezi, na mmoja anaweza kufa. Vyombo vyangu ni vya kioo, vya lita 5 hadi 8, vimepangwa kwenye rafu sebuleni Tabata. Chakula cha punje, dawa ya kuondoa klorini, vyote vinapatikana madukani. Kitu ambacho sikukipata dukani ni mfuniko wa maana, kwa hiyo nikachongesha, na nimekaa nayo muda wa kutosha kuisemea.

Kwanza mjue kwa nini mfuniko wa beta una masharti yake. Kwao Thailand samaki huyu anaishi kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya kina kifupi, maji yenye oksijeni kidogo. Ndiyo maana ana kiungo kinachoitwa labirinthi, kinachomwezesha kupanda juu na kuvuta hewa kama ilivyo. Ukimziba kabisa bila nafasi ya hewa, unamuua. Ukimwacha wazi, anaruka, na beta anaruka kweli: utamkuta asubuhi sakafuni amekauka. Halafu kuna kulisha. Mara mbili kwa siku lazima ufike kwenye maji, na kila unapoondoa mfuniko mzima unampa nafasi ya kuruka.

Kabla ya hapo nilikuwa nafunga kipande cha chandarua kwa mpira. Kuruka kunazuilika, lakini punje zinanasa kwenye nyavu, na mbaya zaidi, chandarua hakizuii dawa ya mbu. Hili naomba mlishike. Dawa nyingi za mbu za kupuliza zina kemikali za jamii ya pairethroidi, na kwa samaki hizo ni sumu kali hata zikiwa kidogo sana. Kwenye nyumba za Dar ambako dawa inapulizwa kila jioni ya masika, chombo kidogo kisichofunikwa vizuri kiko hatarini kuliko tangi kubwa, kwa sababu maji ya kuipunguza makali ni machache.

Fundi niliyemwendea kazi yake hasa ni vibao vya maduka. Anakata akriliki, plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, hii inayoitwa pia perspeksi, na pembeni ana rundo la mabaki. Omba hayo mabaki. Hayana tofauti na shiti mpya kwa kazi ndogo kama hii, na kwa kila mfuniko nililipa shilingi 4,000, kipande na kazi pamoja. Nilimpelekea mifano ya mifuniko niliyoikata nyumbani kwa karatasi ngumu ya maboksi, mmoja kwa kila chombo, maana vyombo vya kioo vinavyofanana kwa macho havilingani midomo. Vipimo vya rula peke yake vingeniletea mifuniko inayocheza.

Tulibishana kidogo kuhusu tundu la kulishia.

"Dada yangu, katikati ndipo panapendeza."

"Fundi, niwekee mbele, karibu na ukingo. Mimi namlisha nikiwa nimesimama mbele ya rafu."

Akakubali, na hapo ndipo thamani yote ya mfuniko huu ilipo. Tundu likiwa mbele, punje inadondokea mbele ya kioo, unaiona inavyoliwa. Kama haikuliwa unaiona pia, unaivuta kwa bomba la sindano kabla haijaoza na kujaza amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, kwenye maji. Dume wangu wa bluu sasa akiniona tu anakuja chini ya kidirisha, anakunja mgongo, mdomo juu kabisa, anasubiri. Punje inaguswa na maji, imeshamezwa. Samaki amejifunza mahali, na mimi najua hakuna iliyopotelea nyuma.

Tundu lina ukubwa wa sarafu ya shilingi 100 hivi. Msidhani ni dogo mno kwake kupita. Beta hupita hapo bila shida, kwa hiyo lazima liwe na kifuniko chake. Fundi alitaka kufunga kwa skrubu ya chuma. Nilikataa, kwa sababu juu ya maji kuna mvuke muda wote na chuma kitashika kutu. Tulitoboa vitundu viwili vidogo na kupitisha mshipi wa kuvulia wa nailoni, tukaufunga fundo. Kidirisha kinainuka kwa kidole kimoja na kurudi chenyewe kwa uzito wake. Supa gluu nayo nawashauri muiepuke kwenye akriliki, ikikauka inaacha ukungu mweupe ambao hautoki.

Nyuma kuna safu ya matundu madogo ya hewa, na maji nayaacha chini ya mfuniko kama sentimita 4. Hewa ya hapo inakuwa ya joto na yenye unyevu, ndiyo inayomfaa anapovuta pumzi. Wakati wa kupuliza dawa naweka kitambaa kilicholowa juu ya matundu, nafungua madirisha, kisha nakiondoa chumba kikishapata hewa. Nimeona pia maji hayapungui haraka kama zamani, na feni yetu inazunguka usiku kucha.

Mapungufu yapo. Kingo zilikuja kali, ilibidi nizipige msasa mwenyewe, wakati kazi hiyo nilitegemea imo kwenye bei. Mfuniko mmoja ulikuja na ufa mwembamba kwenye tundu kwa sababu drili ilisukumwa kwa haraka. Akriliki inataka drili ya taratibu na ubao chini yake. Alinibadilishia bila ubishi.

La pili ni kupinda. Akriliki inafyonza unyevu, na kwa kuwa mvuke uko upande wa chini tu, mfuniko unajikunja polepole na kuacha mwanya pembeni. Ya milimita 2 ilipinda vibaya. Ya milimita 3 inapinda kidogo, na nikiigeuza juu chini kila ninapobadilisha maji inanyooka. Ndiyo sababu kidirisha nimekifunga kwa mshipi mlegevu, ili kifanye kazi pande zote mbili. Kwa chombo chenye mdomo mpana zaidi ya shibiri moja ningeulizia polikaboneti, plastiki nyingine ngumu ambayo haifyonzi maji kiasi hicho.

Madoa meupe ya chokaa nayatoa kwa siki na kitambaa laini, kisha nasuuza sana. Sabuni hapana, na steelwire hapana kabisa, inaikwaruza akriliki mpaka huoni samaki.

Kwa mwenye beta mmoja kwenye tangi kubwa lenye mfuniko wake, hamna haja. Kwa mwenye madume kadhaa kwenye vyombo vidogo, nendeni na mifano ya maboksi, takeni milimita 3, na mwambieni fundi tundu likae mbele kabla hajawasha drili.