Mashine ya kufyekea ya begani: kwa bustani yenye maua pori na mboga, hapa Bwiru, Mwanza

Bustani yangu iko mteremkoni Bwiru, na anayeijua Bwiru ameshaelewa kuwa nazungumzia mawe. Sehemu ya juu nimeiacha ijiotee: alizeti mwitu, kishona nguo, na mgagani ambao hakuna aliyeupanda lakini tunauchuma. Chini yake kuna matuta ya mchicha, matembele, bamia na maboga. Hayo maboga ndiyo yanayolitetea pori langu, maana ua la kike halizai bila nyuki kuliletea chavua ya ua la kiume, na nyuki hawana wanachofuata kwenye ukoka ulionyolewa. Majirani wanasema nafuga nyoka. Kwa hiyo kazi ya mashine ni tatu: kufungua njia pana kuzunguka pori, kusafisha vichochoro kati ya matuta, na kulifyeka pori lenyewe masika ikiisha na mbegu zikishapukutika, mwezi wa sita hivi.

Dukani, mjini kati, kijana alinivutia kwanza ile ya kusukuma, ya magurudumu manne. "Mama, hii ndiyo ya bustani." Ni ya bustani kweli, ya mwenye ukoka tambarare na viti vya kupumzikia. Inakata upana wa sentimita 46. Vichochoro vyangu ni 50, na huwezi kuigeuza mwisho wa tuta bila kulalia bamia. Hata ukiipandisha hadi kikomo inakata karibu sentimita saba tu kutoka ardhini, na majani ya kufika kiunoni yanaizima. Jiwe likijificha humo, kisu kimekwenda. Za umeme wa waya sikuuliza hata bei.

Nikaomba ya begani, stroki nne. Alianzia laki nne na themanini, tukaishia laki nne na ishirini. Ya stroki mbili ilikuwa rahisi zaidi na nyepesi mkononi, lakini ile inataka uchanganye mwenyewe: ikiwa ya 25 kwa 1, mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli. Kijana anayenisaidia akizidisha, inatoa moshi na kuchafua plagi. Akipunguza, pistoni inakwama. Stroki nne inakunywa petroli tupu, oili inakaa mahali pake. Ila ni oili kidogo mno. Injini za kundi hili, kama GX35 ya Honda yenye cc 35.8, huchukua mililita 100 tu, kwa hiyo kuikagua kabla ya kuwasha ni lazima. Oili ya kwanza imwage baada ya saa 10 za kazi, zinazofuata kila saa 50.

Kabla ya kutoa hela nilimwambia, "Mwanangu, niwashie."
"Mama, mpya kabisa hii, haina shida."
"Nimekusikia. Niwashie."
Akawasha. Nikaiacha iungurume mpaka ipate moto, kisha nikamwambia azime na awashe tena. Nyingi za bei chee huwaka zikiwa baridi, zikishapata moto zinagoma. Hii haikugoma.

Kazini, uzuri wake ni vichwa viwili. Kisu cha meno matatu ndicho cha pori. Nakipitisha juu juu, sentimita kumi au zaidi, ili mashina ya mgagani yapate nafasi ya kuchipua. Karibu na mawe nafunga uzi wa nailoni. Uzi ukigonga jiwe unakatika wenyewe, basi; kisu kikigonga, mashine nzima inakurushia nguvu mikononi. Miwani na buti ni lazima kwa vyote viwili, na watoto wakae mbali.

Pori likishafyekwa, majani nayakusanya kwa reki na kuyatoa. Yakiozea pale yanarutubisha ardhi, na kwenye rutuba ukoka unayashinda maua. Siyapeleki kwenye mboga kama matandazo, maana kishona nguo kitaota mpaka kwenye mchicha. Kwenye mboga natandaza ukoka wa njiani, tena ukishakauka juani; ukiwa mbichi kila kipande kinatoa mizizi. Kwa sababu hiyo hiyo mashine haifiki ukingoni mwa matuta: uzi unatawanya vipande vya ukoka hadi katikati ya matembele. Hapo ni mundu, nimechutama. Na kwanja langu sijaligawa. Kila aliyesoma sekondari nchi hii alienda nalo siku ya kuripoti, na kwa kipande kidogo linamaliza kazi kabla sijajaza petroli.

Lawama moja: mkanda. Unakuja wa bega moja, na baada ya nusu saa shingo inauma. Nimenunua wa mabega mawili kando. Mkienda, ombeni waujumlishe kwenye bei, pamoja na plagi ya akiba na uzi wa nailoni wa milimita 2.4, ambao maduka mengine huuza kwa mita.