Nyuzi za kununua kwa hadigadi ya mtindo wa zama za kati, kuanzia bora hadi za kuacha dukani

Kwa aliye na haraka: nunua uzi wa utumbo kwa mahadhi (nyuzi za kupigia wimbo), na uzi wa kufungwa waya kwa mvumo wa chini (nyuzi zinazoimba noti moja muda wote). Ukiwa Unguja, Mombasa au popote penye joto la pwani na unyevu, uzi wa utumbo uuache, uchukue Nylgut, uzi wa kiwandani unaoiga utumbo. Yanayofuata ni ya anayetaka kujua sababu kabla hajatoa pesa, maana kwetu nyuzi hizi huagizwa kutoka mbali, na ukikosea unene hakuna wa kukubadilishia.

Hadigadi (kwa Kiingereza hurdy-gurdy) ni ala ya Ulaya yenye nyuzi lakini isiyo na upinde. Kazi ya upinde inafanywa na gurudumu la mbao lililopakwa ulimbo uleule wa fidla. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unasukuma vibonye, na kila kibonye kina kijino cha mbao kinachougusa uzi wa mahadhi na kuufupisha. Nyuzi za mvumo haziguswi. Zinaimba noti moja mwanzo hadi mwisho. Pale Santiago de Compostela, Hispania, kwenye lango la mawe la fundi Mateo ambalo mawe yake makuu yaliwekwa mwaka 1188, wazee wawili wa kitabu cha Ufunuo cha Biblia wameipakata ala hiyo pamoja, kwa kuwa ilikuwa kubwa kiasi cha kuhitaji mmoja wa kuzungusha na mwingine wa kushughulikia vibonye. Karne ya 13 ilishaingia mikononi mwa mtu mmoja, ikiwa kisanduku kidogo kama tunavyokiona kwenye michoro ya Cantigas de Santa Maria, mkusanyo wa mfalme Alfonso X. Kisanduku hicho, simfonia, ndicho wanachoiga mafundi wengi wanaouza hadigadi za zama za kati leo, nacho huwa na nyuzi tatu au nne tu.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Wanaagiza seti iliyoandikwa hadigadi, kumbe ilikusudiwa ala ya Kifaransa ya karne za baadaye, yenye mwili mkubwa, nyuzi ndefu na ule uzi wa kukoroma, unaokoroma gurudumu likizungushwa kwa kushtukiza. Simfonia haina uzi wa kukoroma, na urefu wa nyuzi zake hutofautiana kutoka fundi hadi fundi. Usinunue seti. Nunua uzi mmojammoja kwa unene, na kabla ya hapo pima mambo matatu: urefu kutoka daraja linalobeba nyuzi hadi kizingiti cha upande wa pili, noti unayotaka, na unene wa uzi wa zamani kwa vernia, kile kipimo cha vitu vyembamba. Kwa mfano, uzi wa utumbo wa milimita 0.80, wenye urefu wa sentimita 35, ukiutuni G ya hezi 392, unavuta kwa nguvu ya kama kilo 5. Kwa kisanduku chepesi huo ni mvuto mzuri. Ukiongeza unene ovyo unalikamua daraja dogo na kuupinda uso wa sanduku.

Namba moja: utumbo mtupu, kwa nyuzi za mahadhi. Ni utumbo wa kondoo uliosokotwa na kung'arishwa, na hakuna kitu kingine kinachoupokea mguso wa gurudumu vile. Sababu ni ulaini wake. Kijino kinapouegemea, uzi unanyooka kidogo bila sauti kupanda sana, hivyo mkono wako wa kushoto unaweza kubonyeza kwa nguvu tofauti na wimbo usitoke nje ya sauti. Ukibonyeza na kulegeza harakaharaka unapata mtetemo mtamu wa sauti, kama wa mwimbaji. Tena pamba inaushika vizuri, na nitaifikia pamba hivi punde kwa kuwa nusu ya malalamiko kuhusu nyuzi ni malalamiko ya pamba. Ubaya wake ni bei, na unyevu: utumbo hunywa maji ya hewani na sauti inayumba kutwa nzima. Ukianza kutoa nywele, usizivute. Zikate kwa kikata kucha, na uzi utaendelea kuishi. Njia ya kupunguza gharama ni kununua nyuzi za utumbo za kinubi kwa unene uleule. Huuzwa ndefu, na simfonia fupi inaweza kupata vipande viwili kwenye uzi mmoja.

Namba mbili: Nylgut, na kwa mtu wa pwani hii ndiyo namba moja. Kampuni ya Aquila ya Vicenza, Italia, iliitoa mwaka 1997 ikiwa imekusudiwa kuwa na uzito sawa na wa utumbo, kwa hiyo unene unabaki uleule: palipokuwa na 0.80 ya utumbo unaweka 0.80. Unyevu hauisumbui. Sauti yake ni safi kidogo kuliko ninavyopenda, haina ule ukwaru wa kupendeza, lakini ala iliyotuniwa asubuhi na bado imetulia jioni inapigwa zaidi kuliko ala yenye sauti nzuri isiyokaa. Uso wake unateleza, basi paka ulimbo kidogo kwenye uzi wenyewe pale pamba itakapokaa. Pia huchelewa kuacha kunyooka. Ipe siku kadhaa.

Namba tatu ni nyuzi za kufungwa waya, na hizi ni za mvumo tu. Mvumo wa G ya chini, hezi 196, kwenye uzi wa sentimita 40, kwa mvuto uleule wa kilo 5, unadai utumbo wa kama milimita 1.4. Huo bado unawezekana, na unasikika vizuri. Ukishuka hadi C ya hezi 131 unahitaji zaidi ya milimita 2, na hapo uzi unakuwa mgumu, unachelewa kuitikia gurudumu. Uzi wa viola au selo wenye kiini laini uliofungwa waya mwembamba unamaliza shida hiyo. Anayetaka uhalisia wa zama za kati ajue kwamba nyuzi za kufungwa waya zinaanza kutajwa karne ya 17. Yeye abaki na utumbo na apandishe mvumo wake juu. Binafsi naona hilo ni chaguo zuri zaidi kwa kisanduku kidogo, maana mwili wake hauna nafasi ya kubeba sauti nzito sana.

Namba nne: nailoni na mshipi wa kuvulia. Wapiga gambusi wa pwani wameujua mshipi miaka mingi, na kwa mwanafunzi asiye na pesa unafaa. Ila nailoni ni nyepesi kuliko utumbo, kwa hiyo ongeza unene: badala ya 0.80 tafuta kama 0.87. Mshipi wa florokaboni (fluorocarbon) ni kinyume chake, ni mzito, 0.68 au 0.70 inatosha, na kati ya mishipi yote huo ndio ningeuchukua. Sauti ni kavu, lakini unajifunza.

Waya mtupu wa chuma uache dukani. Kijino kikiugusa kidogo tu sauti inapanda, kwa kuwa chuma hakinyooki kirahisi. Vijino vya mbao vinachimbika mifereji. Pamba inauzunguka bila kushika.

Sasa pamba. Kila uzi unaogusa gurudumu lazima uvishwe pamba nyembamba mahali pa kugusia, la sivyo unakwaruza na kulila gurudumu. Unataka pamba ya nyuzi ndefu, iliyochambuliwa lakini haijasokotwa. Ya duka la dawa ina nyuzi fupi, inamwagika. Ya sufi, ile ya kujazia mito, inateleza na kukatika. Isiguse ala yako. Vuta unywele wa pamba hadi uone mwanga kupita, uweke kati ya uzi na gurudumu, kisha zungusha taratibu ujisokote wenyewe. Uzi wa mahadhi upate kidogo mno, wa mvumo upate zaidi kidogo. Ulimbo uguse gurudumu kwa wepesi wakati linazunguka, na vidole vyako visiliguse kamwe, jasho linaacha doa lisilotoa sauti.

Ukishavisha, jaribu hivi: zungusha taratibu bila kibonye, halafu bonyeza kibonye cha juu kabisa. Kama noti ya juu inalia kwa ukwaruzo, uzi unalikandamiza gurudumu. Weka kipande cha karatasi chini ya uzi kwenye mfereji wa daraja ili uinuke. Kama uzi mtupu unapiga mluzi au unakatikakatika, umeinuka mno, toa karatasi. Kipande cha karatasi ya daftari kinatosha kubadilisha kila kitu. Na kama sauti inapanda na kushuka mara moja kwa kila mzunguko, hata kwa uzi mpya na pamba nzuri, gurudumu si duara kamili. Hapo usiagize nyuzi nyingine, mpelekee fundi mwenye mashine ya kukereza.

Ukiagiza, agiza nyuzi mbili za mahadhi kwa kila moja ya mvumo, maana za mahadhi ndizo zinazosuguliwa na vijino na kukatika kwanza. Za akiba za utumbo zikae kwenye mfuko uliofungwa vizuri, zikiwa zimeviringwa bila kukunjwa, kwa kuwa utumbo uliokunjwa hukatika palepale penye kunjo.