TAHADHARI: Wale wa "kipimo cha mwili mzima", wanawake wa Mtwara na Lindi msiingie

Naandika nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka. Na aibu, maana mimi ndiye niliyekuwa nawacheka wanaotapeliwa.

Wiki ile hela ya korosho imeingia, gari la spika likapita mtaani: kipimo cha mwili mzima elfu kumi tu, homoni, mayai, mirija, wako gesti siku tatu. Mnaonijua mnajua maneno ya mawifi kuhusu mtoto miaka minne hii. Nikaenda.

Mama wa makamo, koti jeupe. Kusikia lafudhi yangu akanisalimia Kimakonde, akauliza kwetu Newala au Tandahimba. Hapo nikalegea. Akaandika jina, umri, kilo, akanipa kachuma kenye waya nikashike kiganjani. Dakika moja, laptopu ikajaa mistari myekundu. Akavua miwani. "Mwanangu, homoni zimevurugika, mayai hayapevuki." Nililia jamani. Akanipa tishu. Tishu! Kumbe ananipima mfuko.

Ningekataaje? Alitaja kila kitu, mpaka siku zangu kuruka miezi miwili. (Nilimwambia mwenyewe mlangoni, hata kachuma sijakashika.)

Dozi laki na themanini, hela ya mabati. Chupa tatu za soda zilizobanduliwa karatasi, ndani maji ya kahawia yananuka karafuu. Siku ya sita damu ikaanza, haikati. Kumpigia: "Huo ni uchafu unatoka, endelea, na hospitali usikanyage, watakuchanganyia dawa." Nikaendelea! Damu ilivyofika wiki, mume wangu akanipakia kwenye bodaboda, natembea nimeshika ukuta.

Daktari alitikisa kichwa tu. Homoni hazisomwi kwa kushika chuma, zinapimwa kwenye damu. Yai kama limepevuka, wanaangalia homoni iitwayo projesteroni, kama siku ya 21 kwa mwenye mzunguko wa siku 28. Mimi ambaye siku zangu zinaruka itabidi turudie rudie kipimo. Na mume naye apimwe mbegu. Yule mama hakumuulizia mume hata salamu.

Sasa sikieni. Mamkubwa wangu tulienda naye siku ile, miguu inamuuma. Ana miaka 63. Naye kaambiwa mayai hayapevuki!

Gesti wamehama, simu haipatikani, nasikia wameelekea Lindi. Chupa haina jina wala namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, risiti hawatoi, ukiomba hospitali wanakukataza, na ni siku tatu tu wanaondoka. Ningeyaona haya mapema, lakini wapi.

Namba yao nimeshaituma 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Mimi nataka wakamatwe, wanyweshwe chupa zote tatu mbele ya watu, ndiyo wapelekwe jela. Ukilisikia gari la spika Lindi, piga polisi kwanza, halafu nipigie mimi. Chupa moja bado ninayo, nakuja nayo.